Ofisi ya mawakili iliyonisaidia kumleta mtu wa tatu kwenye kesi: nyota tatu na nusu

Naandika kwa wenye maduka wenzangu, hasa sisi wa vifaa vya ujenzi, kwa sababu sisi ndio tunaoburuzwa mahakamani kwa bidhaa ambazo hatukuzitengeneza. Maoni kuhusu mawakili wa talaka na wa viwanja yamejaa tele mtandaoni. Kuhusu wakili wa kumvuta kwenye kesi yule aliyekuuzia mzigo mbovu, sijaona hata moja.

Jina la ofisi silitaji, kwa kuwa nina malalamiko nao na wenyewe tumeshaelezana ana kwa ana. Itoshe kujua kwamba wako Mwanza mjini, ghorofani, mawakili wawili, karani mmoja, na feni moja ambayo siku zote humwelekea wakili na si mteja. Ninachokipima hapa ni huduma moja tu niliyoilipia: kuomba ruhusa ya mahakama ili nimlete mtu wa tatu kwenye kesi ya madai, yaani mtu ambaye mdai hakumshtaki lakini mimi nasema naye awajibike, na kisha kumleta kweli.

Kesi yenyewe ilikuwa ya mabati. Mteja wangu aliezeka nyumba ya wageni kwa mabati ya rangi aliyonunua dukani kwangu, na risiti yangu ya EFD, ile ya mashine ya kodi, imeandika geji 28 (geji ni kipimo cha unene, namba ikipanda bati linakuwa jembamba). Haukupita muda mrefu rangi ikaanza kubabuka, fundi wake akapima, akasema bati ni jembamba, liko karibu na geji 30. Mteja hakuja kugombana. Ulikuja wito pamoja na hati ya madai: anataka gharama za mabati mapya, gharama za kuezua na kuezeka upya, na hasara ya vyumba alivyofunga. Mabati yale nilinunua kwa muuza jumla wa Dar es Salaam, yakashushwa yakiwa na nailoni zake, na mimi nikayauza na nailoni zake. Lakini Sheria ya Mauzo ya Bidhaa haimuulizi mwenye duka kama ndiye aliyeyatengeneza. Aliyemuuzia mteja ni mimi, basi anayeshtakiwa ni mimi, na nina siku 21 tangu kupokea wito kuwasilisha utetezi wa maandishi.

Jambo la kwanza lililonifurahisha: wakili mkubwa hakuanza na bei. Alianza na karatasi. "Mama, niletee kila kitu ulichopewa na Dar, hata kile unachokiona hakina maana." Nikampelekea ankara, hati ya kupokelea mzigo, meseji za WhatsApp za oda, na vipande viwili vya bati vilivyobaki stoo. Alikaa navyo mezani, akavigeuza, ndipo akanieleza kwamba njia ni tatu.

Ya kwanza, nijitetee peke yangu, nikishindwa nilipe, halafu nifungue kesi yangu mpya dhidi ya muuza jumla. Inaruhusiwa, ila ni kulipa mawakili mara mbili na kutafuta mashahidi walewale upya, na hakimu wa pili anaweza kuliona bati lilelile kwa jicho tofauti. Ya pili, tuiombe mahakama imuunganishe muuza jumla kama mdaiwa mwenzangu chini ya Kanuni ya 10 ya Amri ya I ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Hii hakuipenda. Mdai ndiye mwenye kesi yake. Anachagua nani wa kumshtaki, na mteja wangu hajawahi kununua hata msumari mmoja kwa yule bwana wa Dar. Ya tatu ni Kanuni ya 14 ya Amri hiyohiyo: mdaiwa anayedai kwamba mtu aliye nje ya kesi anapaswa kumchangia au kumfidia, au anayemdai nafuu (yaani kile unachoiomba mahakama ikupe) inayohusiana na jambo lilelile na inayofanana kwa kiasi kikubwa na ile anayoidai mdai, anaweza kuiomba mahakama ruhusa ya kuwasilisha notisi ya mtu wa tatu.

Ruhusa ndiyo inayowakera watu wengi. Nimemsikia jirani yangu wa duka la rangi akisema ni urasimu mtupu: risiti unayo, jina la mtu unalijua, unamwomba nani ruhusa? Mimi baada ya kupita humo nasema kinyume chake. Ruhusa ndiyo kazi yenyewe unayomlipa wakili aifanye, na wakili mpime hapo. Mengine yanayofuata ni karatasi kupelekwa na kurudishwa.

Sababu ni kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoyaapia. Maombi haya kwa kawaida husikilizwa upande mmoja, yaani yule mtu wa tatu hayupo na hajui. Hakimu anasoma kiapo chako peke yake, na sheria imesema kiwe na nini: mdai anadai nini katika kesi, kesi imefika hatua gani, wewe unadai nini kwa mtu wa tatu na dai hilo linahusianaje na dai la mdai dhidi yako, na jina na anwani ya huyo mtu. Hilo la uhusiano ndilo linalofungua au kufunga mlango. Hakimu lazima aridhike kwamba dai lako ni la aina inayotajwa kwenye kanuni, na kwamba kwa mazingira yote ya kesi ni sawa na ni haki kukuruhusu. Hata ukitimiza vyote, anaweza kukuwekea masharti.

Sasa tuje kwenye nyota niliyoikata.

Rasimu ya kwanza ya kiapo iliandikwa na wakili mdogo, nikatumiwa kwenye simu usiku. Nikaisoma. Aya ya tano ilisema kwamba mimi mwombaji ni mmiliki halali wa gari lililopata ajali, na kwamba kampuni ya bima inawajibika kunifidia. Gari! Mimi nauza mabati. Alikuwa amechukua kiapo cha mteja mwingine akabadilisha majina. Najua kwa nini kilikuwa cha gari: wanaoletwa sana kama watu wa tatu ni kampuni za bima, maana mwenye daladala mwenye bima ndogo, ile ya kufidia watu wengine, akishtakiwa na majeruhi, anataka kampuni yake ije isimame naye palepale. Kwa hiyo mfano uko tayari kwenye kompyuta za mawakili. Lakini kiapo ni kiapo, nikikisaini nimeapa. Ningepita haraka ningeapa kuwa na gari ambalo sina. Nilimpigia wakili mkubwa asubuhi, akaomba radhi na akakiandika upya yeye mwenyewe.

Na hapo, haki lazima niiseme, nilimwona fundi kazini. Aliniita nikakaa naye. Nilikuwa nimeeleza mahali fulani kwamba "fundi aliniambia bati ni la geji 30." Alilifuta. Kwenye kiapo kwa kawaida unaapa unachokijua mwenyewe, si ulichoambiwa. Fundi ana mdomo wake, aape mwenyewe. Mahali pengine niliandika kwamba muuza jumla ni tapeli. Alilifuta hilo pia, bila hata kuniangalia. Kisha akachukua kile kipande cha bati, akakigeuza upande wa chini, akanionyesha chapa: jina la bidhaa, geji, na namba ya toleo, imepigwa kwa wino mweusi kila baada ya hatua fulani. Akaniomba hati ya kupokelea mzigo. Namba ileile. Akaniambia nimwombe mteja wangu, kupitia wakili wake, picha ya upande wa chini wa bati lililo juu ya paa. Ikaja. Namba ileile tena. Aya tatu za kiapo zilijengwa juu ya namba ile: bati analolilalamikia mdai ndilo nililouziwa na mtu wa tatu, kwa maelezo yaleyale ya geji, na kama nitawajibika kwa unene wake basi yeye anawajibika kwangu kwa unene uleule.

Nikamwambia basi tumwongezee na deni langu la saruji. Yule bwana wa Dar aliwahi kuniletea mifuko pungufu na hela hajanirudishia mpaka leo. Wakili akakataa katakata. "Mama, hilo ni lako na yeye. Halimhusu mwenye paa. Ukiliingiza, unampa hakimu sababu ya kukunyima na lile zuri." Akanitajia shauri la zamani la Yafesi Walusimbi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Uganda, la 1959, ambalo mawakili wa Afrika Mashariki bado wanalitumia: jambo linalobishaniwa kati ya mdaiwa na mtu wa tatu liwe ndilo lile linalobishaniwa kati ya mdai na mdaiwa. Saruji ikabaki nje. Niliumia, lakini ushauri wa namna hiyo ndio ninaoulipia. Ofisi nyingine ingeniandikia kila kitu nilichotaka, ikachukua hela, na maombi yakaanguka.

Kiapo hakuniapisha yeye. Wakili anayekuwakilisha kwenye kesi hiyo haruhusiwi kushuhudia kiapo chako, ingawa naye ni Kamishna wa Viapo, kwa hiyo karani alinisindikiza ofisi ya jirani. Karani huyu ni binti mdogo lakini yuko makini kuliko umri wake. Aliangalia sehemu ya chini ya kiapo kabla ya kutoka mlangoni: mahali kilipoapiwa, tarehe, jina na saini ya Kamishna, mhuri. Mahali palikuwa wazi. Akarudi ndani, akasema kwa adabu, "Shikamoo tena mzee, hapa bado." Viapo vingi hupigwa pingamizi kwa sababu ya mstari huo mmoja. Huyo binti peke yake namhesabia nusu nyota.

Kusajili kulikuwa kwepesi. Kila kitu kinapandishwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama, kontroli namba, yaani namba ya malipo, inatoka, unalipa kwa simu. Mbele ya hakimu hatukukaa muda wa kunywa chai. Aliuliza kesi iko hatua gani, wakili akajibu kwamba utetezi umeshawasilishwa na usikilizwaji haujaanza. Akauliza kama mdai ana neno, wakili wa mdai akasema hana. Ruhusa ikatolewa, pamoja na muda wa kuwasilisha notisi. Hilo la muda liangalieni: amri ya ruhusa husema notisi iwasilishwe ndani ya kipindi gani, na ukizembea unaweza kuikosa ruhusa uliyoihangaikia.

Lalamiko langu la pili ni bei. Tulikubaliana jumla ya kazi ya mtu wa tatu, nikadhani jumla ni jumla. Baada ya ruhusa ndipo nikaambiwa kwamba kupeleka notisi Dar ni gharama nyingine, kwa sababu makubaliano yetu yalikuwa ya "kuandaa na kusajili." Kwenye karatasi ni kweli imeandikwa hivyo. Lakini mteja wa kawaida anajuaje kwamba notisi iliyosajiliwa bila kumfikia mhusika haina kazi? Wangeniambia mwanzoni. Kama unaenda ofisi yoyote ya mawakili kwa jambo hili, uliza bei ya mambo manne kwa pamoja: maombi ya ruhusa, notisi yenyewe, kuifikisha kwa mhusika, na kusimama mahakamani akijibu.

Jingine ni lugha. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, lakini karatasi zangu zote ziliandikwa Kiingereza. Mimi Kiingereza cha ankara nakijua, cha kiapo sikijui. Wakili alinitafsiria aya kwa aya, kwa uvumilivu, nakubali. Bado ningependa kuapa kwa maneno ninayoyaota.

Notisi ilimfikia bwana wa Dar. Notisi hiyo inaeleza mdai ananidai nini, mimi namdai nini yeye, nafuu ninazoziomba, muda alionao wa kujitetea na kitakachompata asipojitetea. Alikuwa na siku 21, na alizitumia vizuri. Utetezi wake ulikuja umejaa: kwamba mabati yalitoka kwake yakiwa mazima, kwamba yalikaa stoo kwangu kwenye unyevu wa ziwa, kwamba rangi hubabuka yakilazwa chini. Akaambatanisha na picha ya duka langu! Sijui alimtuma nani kuipiga. Kwenye picha kuna bati limeegemezwa ukutani, ni kweli, ila ni bati la kufunikia mchanga.

Hapa nataka wenzangu waelewe kitu ambacho wakili alinirudia mara kadhaa na mimi nakirudia. Kupewa ruhusa si kushinda. Mteja wangu aliendelea kunidai mimi, si yeye. Mtu wa tatu anajibu kwako. Anaweza kubisha dai la mdai, na anaweza kubisha kwamba hana wajibu wowote kwako. Mahakama ingeweza kabisa kusema mimi nimlipe mteja na dai langu kwa muuza jumla halijathibitishwa. Ukitoka pale na amri ya ruhusa mkononi ukamwambia mteja "sasa mdai Dar," unajidanganya, na yeye hatakuelewa.

Wifi yangu ana duka la vigae Mombasa, nikamsimulia, akaniambia kwao masharti yako karibu na yetu lakini saa inakimbia. Niliangalia: Kanuni za Mwenendo wa Madai za Kenya za 2010, Amri ya 1, Kanuni ya 15, zinamtaka mdaiwa aombe ruhusa ndani ya siku 14 baada ya nyaraka za madai na utetezi kukamilika, nayo husikilizwa upande mmoja kwa kiapo. Kanuni yetu haikuweka kikomo cha siku namna hiyo. Imekutaka useme kwenye kiapo kesi imefika wapi, na hakimu apime. Kwa Kenya pia, yule unayemdai akiwa tayari ni mdaiwa mwenzako, unampa notisi bila kuomba ruhusa. Na mtu wa tatu wa Kenya asipofika mahakamani anahesabiwa amekubali hukumu itakayotolewa dhidi yako na wajibu wake kwako. Kwa hiyo mwenzangu wa Mombasa usisome maoni haya ukadhani una muda wa kutafuta wakili wa bei nafuu.

Kesi yetu haikufika kwenye ushahidi. Tulipelekwa kwenye usuluhishi, na ndipo nilipoona faida ya kuwa watatu mezani. Kama ningekuwa peke yangu, mimi na mteja tungevutana juu ya fedha ambazo mimi sina. Bwana wa Dar alipowekewa mbele picha tatu za namba ileile, yeye na wakili wake walitoka nje, wakazungumza koridoni, wakarudi na lugha nyingine. Akakubali kuleta mabati mapya na kusafirisha kwa gharama yake. Mimi nikabeba mafundi wa kuezua na kuezeka. Mteja akaachia hasara ya vyumba kwa sharti kwamba paa likamilike kabla ya masika. Makubaliano yakaandikwa, yakasainiwa na wote watatu, yakasajiliwa mahakamani.

Je, ningewatumia tena? Kwa kazi hii, ndiyo, ila kwa sharti kwamba kiapo aandike wakili mkubwa. Nyota mbili ni za kiapo cha pili, moja ni ya kunikatalia saruji, nusu ni ya karani. Iliyobaki wameipoteza kati ya lile gari na ile gharama ya Dar. Kwa mwenye duka ambaye hana ankara, hana hati ya kupokelea mzigo, na ananunua kwa mdomo tu, nadhani hata wakili bora kuliko huyu hatamfikisha mbali, kwa sababu hakuna cha kuandika kwenye zile aya za uhusiano. Wapo wateja wa hivyo, niliwakuta kwenye benchi pale nje wakisubiri feni.

Ankara ya mwisho waliniletea kwa WhatsApp siku ya Jumamosi. Ndani yake kuna "fotokopi na mengineyo," shilingi elfu arobaini. Nimelipa yote isipokuwa hiyo elfu arobaini. Nimeomba mchanganuo wa hayo mengineyo, na karani amenijibu, "Sawa mama, nafuatilia."